Saikodinamiki au tiba ya utambuzi na tabia?
Zote mbili ni tiba za kuongea na mtaalamu, kwa kawaida dakika 50 hivi kila wiki. Tiba ya utambuzi na tabia, iliyoasisiwa na Aaron Beck huko Marekani miaka ya 1960, hushughulika na ya leo: wazo gani linakuzidishia hofu, na likija unafanya nini. Utapewa mazoezi ya nyumbani, na mara nyingi vikao 6 hadi 20 vinatosha.

Saikodinamiki, yenye mizizi kwa Sigmund Freud, daktari wa Vienna, Austria, haina haraka hiyo. Huchukua miezi, hata miaka. Usitarajie ushauri, mtaalamu husikiliza zaidi, na kimya chake mwanzoni kinaweza kukukera. Ukianza kumwogopa kama ulivyomwogopa baba yako, mwambie! Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo: uhusiano wa zamani unajirudia mbele yenu, nanyi mnauchunguza pamoja. Kuna wiki utatoka umeelemewa kuliko ulivyoingia.

Kwa hofu ya kupanda ndege, ningeanza na ya Beck. Kama kila uchumba wako huvunjika kwa namna ileile, ningechagua saikodinamiki. Mwenye mawazo ya kujiua asingoje kuchagua. Aende hospitali leo.