Kava ya bwawa la kuogelea msimu wa baridi: usiulize unene kwanza, uliza maji ya mvua yataenda wapi

Haya wadau, habari zenu, karibuni. Hapa chini nina kava tatu, kuna turubai, kuna ya neti na kuna ile ya kitambaa kizito yenye mikanda, na nataka tuziongelee sasa hivi kabla baridi haijaingia, maana baridi ikishaingia mtu ananunua kwa pupa, anabeba chochote kilichobaki, alafu mwezi unaofuata ananitumia picha kava imezama katikati ya bwawa.

Wengi mnaniuliza swali lile lile, ipi nene zaidi. Jamani unene una maana yake lakini mimi nauweka nyuma kidogo. Swali langu la kwanza ni hili: mvua ikinyesha juu ya hiyo kava, au theluji ikiyeyuka, yale maji yanaenda wapi? Basi. Ukishalijibu hilo mengine mengi yanajipanga yenyewe.

Piga hesabu na mimi. Maji ya kina cha sentimita 1 kwenye eneo la mita moja ya mraba ni lita 10, yaani kilo 10. Bwawa la mita 4 kwa 8 lina mita za mraba 32, kwahiyo sentimita moja tu ya maji juu ya kava ni kilo 320. Yakifika sentimita 5 una kilo 1,600 zimelala juu ya kitambaa, na hapo hatujaongea majani yaliyolowa wala theluji. Ndo maana mtu akiniambia kava yake ni imara sana namuuliza tu, imara kwa uzito upi?

Tuanze na turubai, hili hapa la bluu. Ni plastiki ya PVC, halipitishi maji wala mwanga, na hiyo ndo sifa yake kubwa kwasababu mwani unataka mwanga, ukiunyima mwanga unafungua bwawa msimu wa joto unakuta maji bado yanaonyesha sakafu. Bei yake pia ndo ya chini kuliko zote. Kwa bwawa la kuchimbiwa ardhini unalitandaza lizidi ukingo kwa kama sentimita 75 kila upande, unalikandamiza na mifuko mirefu ya maji pembeni. Hiyo mifuko usiijaze mpaka shingoni, acha kama robo tupu, maji yakiganda yanatanuka kwa kama asilimia 9 na mfuko uliojaa unapasuka kwenye mshono. Na tafadhali, mawe na matofali hapana, upepo ukilivuta turubai lile tofali linatumbukia ndani na kama bwawa lako lina laina, yaani ule utando wa plastiki uliotandikwa ndani, umelichana kwa mkono wako mwenyewe.

Sasa maji ya mvua kwenye turubai yanaenda wapi? Hayaendi popote, yanakaa pale pale juu. Inabidi uwe na pampu ndogo ya kuweka juu ya kava na uifuatilie msimu mzima. Kuna kitu watu hawakijui hapa: turubai likipata tundu, hata dogo la msumari, maji ya juu na ya chini yanakuwa yamekutana, unawasha pampu unadhani unatoa maji ya mvua kumbe unanyonya bwawa lenyewe, unaenda kulala, asubuhi kina kimeshuka, turubai halina cha kuliegemeza, linavutwa na uzito wake linaingia ndani na mifuko yake yote. Kwahiyo kabla hujatandaza, liinue juani watu wawili muangalie mwanga unapenya wapi.

Alafu suala la usalama, hapa sitanii. Turubai sio kinga ya mtoto. Mtoto anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache tu yaliyotuama juu yake, na akikanyaga pembeni linaserereka linamfunika, hata ukiwa karibu humuoni yuko wapi chini. Kama nyumbani kuna watoto, wako au wa jirani, au mbwa anayezurura usiku, turubai peke yake mimi sikushauri kabisa, labda kama bwawa lina uzio wenye geti linalojifunga lenyewe.

Wenye mabwawa ya juu ya ardhi, yale ya duara yenye kuta za bati, nyie turubai ndo lenu zaidi, linakazwa na waya unaopita kwenye ringi za ukingoni na winchi ndogo ya kuuvuta. Adui yenu ni upepo, ukiingia chini ya turubai unalipiga usiku kucha mpaka ringi zinang'oka, kwahiyo ongezeni klipu ukingoni. Na ule mto wa hewa unaouzwa pamoja nalo watu wanaudharau, wanasema ni urembo. Barafu ikitanuka inasukuma kuta kwa nje, mto ukiwa katikati barafu inaukandamiza wenyewe badala ya kusukuma ukuta. Usiujaze hewa ukakakamaa, uwe na ulegevu, na uufunge kamba pande mbili usihame. Sehemu zisizoganda huuhitaji.

Haya, tuje kwenye kava za usalama, hapa ndo nataka tukae.

Angalieni hii mikanda imeshonwa juu na chini ya kitambaa, inapishana ikatengeneza viboksi. Kila mwisho wa mkanda kuna springi, springi inanasa kwenye kichwa cha shaba kilichozamishwa kwenye zege. Hiki hapa, nakisogeza kwenye kamera, ni kama bolti ndani ya bomba lake, msimu wa joto unakizungusha na ufunguo wa pembe sita kinashuka usawa wa sakafu watu wanatembea pekupeku hawajikwai, msimu wa baridi unakipandisha. Ukishafunga zote kava inavutika kama ngozi ya ngoma. Springi ziwe zimebanwa karibu nusu, zikiwa zimelala kabisa umekaza kupita kiasi na theluji ikija hazina pa kuvutikia, zikiwa wazi kabisa kava italegea.

Mafundi wengi wanakuja wanatoboa zege wanaondoka, hawakuulizi ukingo wako umejengwa na nini. Kama ni pevingi, yaani vile vigae vya zege, zimelazwa juu ya mchanga, kitobo cha kawaida hakishiki, pevingi moja inang'olewa na springi, unahitaji bomba refu linaloshuka mpaka ardhini. Kwenye mbao kuna kitako chake cha skrubu. Na upande wa bustani, kwenye nyasi, kuna vigingi virefu. Pia unahitaji nafasi, kama sentimita 90 kuzunguka bwawa, kama ukuta au maua yako karibu kuliko hapo mwambie fundi mapema, ziko njia nyingine za kufunga ukutani ila sio kwa springi hizi za kawaida.

Ubora unaujuaje? Kwa Marekani tafuta lebo yenye namba ASTM F1346. Hicho ndo kiwango cha kava za usalama, na kwa bwawa lenye upana zaidi ya futi 8 kava lazima ibebe ratili 485, kama kilo 220, ambazo zimehesabiwa kama watu wazima wawili na mtoto mmoja, yaani mtoto kaanguka na wawili wameingia kumtoa. Na kiwango hicho hicho kinaangalia pia maji yasituame juu, mnaona nilipoanzia? Ufaransa nao sheria ya Januari 2003 inalazimisha bwawa binafsi lililochimbiwa ardhini liwe na kinga angalau moja, uzio, kengele, kava au kibanda cha kufunika, na kava ipite kiwango cha NF P90-308. Muuzaji akikwambia "hii ni ya usalama" mwambie akuonyeshe namba kwenye lebo, hiyo iliyoshonwa kwenye kava, sio iliyoandikwa kwenye boksi.

Ndani ya hizi za usalama kuna neti na kuna isiyopitisha maji. Neti jibu la lile swali letu ni rahisi, maji yanapita yanaingia bwawani, hakuna pampu, hakuna dimbwi juu, majani yanakauka yanapeperushwa. Ni nyepesi pia, kuibeba hamuhitaji kuita mtaa mzima. Tatizo, vumbi laini linapita na mvua, na neti ya kawaida inapitisha mwanga kidogo, kwahiyo ukichelewa kufungua maji yakishapata joto unakuta kijani. Dawa yake ni kufunga bwawa maji yakiwa yameshapoa chini ya nyuzi 15 hivi na kufungua kabla hayajarudi hapo. Zipo neti zilizosukwa kwa kubana zaidi, mwanga karibu wote unazuiwa, ila maji nayo yanapita taratibu. Na kumbuka bwawa litakuwa linajaa, kwahiyo unashusha kina kabla ya kufunga, ila usilikaushe, theluji ikilala kava inashuka mpaka iguse maji na yale maji ndo yanaibeba. Ukishusha sana umeiacha inaning'inia.

Ile isiyopitisha maji nayo ni nzito, ina pampu au kipande cha neti katikati cha kutolea maji. Ukichukua yenye pampu umerudi kwenye kazi ya pampu, ukichukua yenye kipande cha neti uchafu kiasi unaingia. Mimi kwa bei yake sioni sana faida, labda kama una miti mingi juu na hutaki hata tone la maji ya majani liingie.

Kupima sasa, hapa ndo pesa zinapotea. Bwawa la mstatili upana na urefu na umemaliza, ila pima na pembe kwa pembe, urefu wa hizo mbili usipolingana bwawa lako halijanyooka. Bwawa lenye kona kona unaweka pointi mbili ardhini, A na B, alafu kila baada ya sentimita 60 mpaka 90 za ukingo unaweka alama ya chaki unapima kutoka A, unapima kutoka B, unaandika. Ngazi, ubao wa kurukia, mawe yaliyoinuka, vyote vinapimwa. Kava inashonwa kwa namba ulizotuma wewe, haina kurudisha.

Garantii: ukiona miaka 15 usishangilie, nyingi zinapungua thamani kila mwaka, na kuchakaa kwa kusuguana na ukingo huwa hazilipi. Ndo maana unaweka vipande vya kinga kila sehemu kava inapogusa jiwe lenye makali.

Zile kava za vipovu za kupasha maji sio za msimu huu, jua na baridi vinazimaliza. Na zile za mota, zinazojifungua na kujifunga zenyewe juu ya reli, sawa ni salama kwa mtu, ila theluji nzito inakunja reli, muulize aliyekufungia. Sehemu isiyoganda kabisa, wewe chukua neti ya usalama kama kuna watoto, kama hakuna basi hata wavu wa majani unatosha na pampu ya bwawa uendelee kuiwasha masaa machache.

Mimi nikiambiwa nichague moja, nachukua neti ya kubana, springi za chuma kisichoshika kutu, lebo ionekane. Msimu ukiisha ioshe na maji tu bila sabuni kali, ianike ikauke kweli kweli, ikunje mkunjo juu ya mkunjo uiweke kwenye pipa lenye mfuniko unaobana, maana panya wakishaingia kwenye hiyo mikunjo wanapita tabaka zote kwa shimo moja, ukiitandaza unakuta matundu yamejipanga mstari. Na vile vichwa vya shaba vipulizie upepo kutoa mchanga kabla hujavishusha, mchanga ukikaa humo mwakani havizunguki na fundi atataka kutoboa upya.