draw.io kwa chati za ngazi: inatosha, ila chunga majina

Kuchora chati ya mkoa wa Mwanza, wilaya zake 7 na kata, draw.io (programu ya kuchora michoro) inatosha. Ni ya bure, na toleo la kompyuta halihitaji intaneti. Usiburute kisanduku kimoja kimoja, utakesha. Andaa CSV (jedwali la maandishi yaliyotenganishwa kwa koma) yenye safu ya jina na safu ya ngazi ya juu yake, uibandike kupitia menyu ya Arrange, Insert, Advanced, CSV, kisha kwenye maelekezo ya juu ya dirisha hilo rekebisha mstari wa "connect", unaounganisha visanduku, utaje safu zako.

Tatizo huwa tahajia: "Ilemela" huku, "Ilemera" kule, na kata zinabaki zikielea bila mstari. Mti (yaani chati yenyewe) ukizidi upana wa A4, andika horizontaltree kwenye mstari wa "layout", ili uchorwe kwa kwenda pembeni.

Kulinganisha mauzo ya sangara mwalo kwa mwalo? Hapo tumia treemap (chati ya mistatili inayoonyesha ukubwa wa kila kiasi) ya Excel 2016 au toleo la baadaye.