Kuingia ndotoni ukiwa macho: darasa la Jambiani

Anayetaka jibu fupi kabla hajapanda gari ya shamba: nenda. Darasa ni la kuota huku unajua kuwa unaota, la usiku mbili, Ijumaa na Jumamosi, katika nyumba ya kukodi upande wa kusini wa Jambiani. Nililipa shilingi 90,000, chakula na pa kulala humohumo. Mwalimu ni mama wa makamo, mtu wa hapahapa Unguja, aliyekaa Ulaya miaka mingi akisomea mambo ya usingizi. Hapendi jina lake litangazwe mitandaoni, kwa hiyo silitaji.

Mie ni fundi wa nakshi, nachonga milango Mji Mkongwe. Tangu ujana wangu, nikijinyosha baada ya kazi ya kutwa, huona nakshi nyuma ya kope: minyororo, mayungiyungi, mawimbi, duara ndani ya duara. Zinajichonga zenyewe, haraka kuliko patasi yoyote. Kisha usingizi hunichukua, na asubuhi sina hata jani moja la kuchora. Niliposikia yupo mtu anayefundisha kupita mahali pale bila ya akili kuzimika, sikuuliza bei.

Wengi wanaoota huku wanajua kuwa wanaota hugundua wakiwa katikati ya ndoto. Mtu anamwona marehemu babu yake anauza kahawa Darajani, anajiambia, "Aa, hii ndoto." Njia hiyo darasani tuliipitia juu juu. Anayofundisha yeye ni ya pili: unajilaza ukiwa macho, mwili unalala, akili haikatiki, na unajikuta umo ndani. Ni ngumu zaidi, na tangu jioni ya kwanza alitwambia wazi kwamba wapo watakaorudi mjini hawajaingia.

Nilimwamini kwa sababu alianza na ushahidi. Katika usingizi ule wenye ndoto nyingi, ambao macho huchezacheza chini ya kope, misuli ya mwili hufungwa tusije tukainuka tukatenda tunayoyaota. Misuli ya macho haifungwi. Mwaka 1975, Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, mtafiti Keith Hearne alimfungia mitambo ya kupima usingizi Alan Worsley, mtu aliyezoea kujitambua ndotoni, wakapatana kwamba akishaingia atapeleka macho kushoto na kulia kwa makusudi. Mitambo ikaonyesha amelala, na macho yakaleta ishara waliyoagana. Mtafiti mwengine, Stephen LaBerge, naye akaja kulithibitisha jambo hilohilo Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Na mwaka 2021 watafiti wa Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi walitoa matokeo yao: waliwauliza walalaji hesabu ndogo ndogo humo humo usingizini. Mmoja aliulizwa nane kutoa sita, akajibu mbili kwa macho yake. Mwalimu alipolisema hilo chumba kizima kilinyamaza. Mie nilijishika kichwa.

Sasa saa. Hapa ndipo mtu anapofaulu au anapopoteza usiku wake. Usingizi huenda kwa mizunguko, kila mmoja kama dakika 90, na sehemu ya ndoto huzidi kurefuka kila kukikaribia kucha. Ukijaribu saa nne za usiku, mara tu unapopanda kitandani, unajichosha bure. Mwalimu anataka ulale mapema baada ya Isha, uamke baada ya saa nne u nusu au tano za usingizi, ukae macho kama nusu saa bila ya simu, kisha urudi kitandani.

Kijana mmoja wa Bububu akasema hilo kwetu jepesi, tunaamka Alfajiri kila siku, mtu arudi kulala baada ya kuswali. Mzee mmoja hakupendezwa. "Mwanangu, kulala baada ya Alfajiri kunaondosha baraka ya siku. Sisi hatukulelewa hivyo." Mwalimu hakubishana naye. Alimjibu, "Kweli, baba. Basi wewe amka saa nane u nusu, swali rakaa zako mbili za usiku, rudi kitandani mpaka adhana ikuamshe." Mzee akaridhika, na ndiye aliyefaulu wa mwanzo kati yetu. Nami nimeshika ratiba yake. Huku kwetu Alfajiri haihami sana mwaka mzima, kwa hiyo ukishaipanga saa yako imepangika, si kama huko Ulaya ambako jua la kiangazi na la baridi ni mambo mawili mbalimbali.

Kuingia kwenyewe kulikuwa hivi. Nimelala chali, mikono pembeni, nahesabu moyoni: moja, naota, mbili, naota. Kwanza yakaja madoa ya rangi. Madoa yakawa mistari, mistari ikaanza kusukana. Mwalimu alikuwa ameshatuonya tusizikimbilie picha wala tusizikodolee macho kwa nguvu, maana ukizikamata unaamka na ukizifuata kwa uvivu unalala kabisa. Uzitazame kama mtu aliyekaa barazani anavyotazama wapita njia. Nikatulia. Mwili ukawa mzito, masikio yakajaa mvumo mkubwa, nikahisi kitanda kinayumba. Hapo ndipo wengi wanapoogopa wakafumbua macho. Nilingoja. Mvumo ukakatika ghafla, na nilikuwa nimesimama mbele ya mlango.

Mlango wa mbao mbili, mfaa, ule mti wa katikati, umechongwa minyororo, na kila pete ya mnyororo inafunguka kuwa jani. Nikasugua viganja, kama tulivyofundishwa, ili ndoto isiponyoke, na viganja nikavihisi vikavu kama vya kweli. Juu kwenye kizingiti palikuwa na mwaka wa Hijria. Nikausoma, nikatazama chini, nikatazama tena: tarakimu zimegeuka. Maandishi ndotoni hayatulii, na hilo ndilo jaribio alilotupa. Minyororo ya mfaa, ajabu, haikubadilika nilipoishika kwa vidole. Nilipoamka nikaichora kabla ya kunywa maji, na sasa naichonga kwenye mbao ya mfenesi, sanduku la bibi harusi mmoja wa Kikwajuni.

Hata hivyo, thamani kubwa ya darasa hili naiona kwengine, katika namna anavyoshughulika na khofu. Ile dakika ya mwili kufungwa huku akili iko macho sisi twaijua tangu utotoni. Tunasema mtu kakabwa na jinamizi. Kifua kizito, sauti haitoki, na mara nyingi mtu huona kuna kitu kimesimama chumbani. Mwenzetu mmoja alikuwa Mpemba, na usiku wa kwanza aliinuka kitandani anatetemeka. Mwaka 1995 alikuwa mtoto wakati khofu ya popobawa, jini ambalo watu walisema huwavamia usiku vitandani, ilipoanza Pemba, ikavuka hadi Unguja na Dar es Salaam, watu wakawa wanalala nje makundi makundi, wameota moto. Akasema, "Mwalimu, nimehisi kile kile walichokuwa wakikisema wakubwa."

Nilikaa nikimtazama mwalimu atasema nini. Angeweza kumcheka, au kumwambia wazee wake walikuwa wajinga. Alimletea maji, akakaa naye barazani, akamweleza kwamba ubongo umeamka kabla misuli haijafunguliwa, kwamba hali hiyo hupita yenyewe, kwa kawaida baada ya sekunde kadhaa au dakika chache, na kwamba huwazidi wanaolala chali. Akamfundisha achezeshe ncha ya kidole cha mguu na avute pumzi taratibu. Akamwambia pia asome dua zake za kulala kama alivyozoea. Kuhusu mwaka 1995 alisema neno moja tu: watu waliogopa kweli, na aliyeogopa haulizwi kwa nini. Usiku wa pili yule bwana alilala kwa ubavu, na asubuhi alikuwa anazungumza na kucheka na watu wote. Kwa hilo peke yake ningelilipa mara ya pili. Nawajua watu wazima hapa mjini wanaolala na taa inawaka kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa nao akawaeleza.

Kasoro zipo. Karatasi za mazoezi ni za Kiingereza. Darasa zima linasemwa kwa Kiswahili kizuri, halafu unapewa karatasi ambayo mzee wa watu hawezi kuisoma. Mjukuu wake ndiye aliyekuja kumtafsiria. Hilo lirekebishwe haraka. Nyumba ina jirani anayepiga muziki Jumamosi mpaka usiku mkubwa, na kwa kazi hii kelele ni kikwazo kikubwa. Yapo pia mabarakoa ya macho yenye taa nyekundu ya kumkumbusha mlalaji kuwa anaota, ambayo anayauza kando. Nililijaribu moja, lilinikera usoni. Pesa yako iweke. Kuhusu vidonge ambavyo wengine huko nje hutumia kuzidisha ndoto, alikataa katakata kuvigusa bila ya daktari, nami naona amefanya la haki.

Asiyefaa kwenda ni mtu ambaye usingizi wake tayari ni haba, mama mwenye mtoto mchanga, dereva wa zamu za usiku. Kuvunja usingizi katikati kuna gharama yake, na mie siku nikiwa na kazi ya msumeno sifanyi zoezi hili. Aliyewahi kuugua maradhi ya akili, mambo ya kweli na yasiyo kweli yakamchanganyikia, aonane na daktari wake kwanza. Mwalimu mwenyewe humuuliza kila mtu hilo kwa faragha kabla ya kupokea pesa.

Wanawake wana chumba chao na mlango unafungika kwa ndani. Vyandarua vipo, ila shuka chukua yako. Ijumaa fika kabla ya Magharibi, kwa sababu chakula cha usiku ni mapema na baada ya Isha taa zinazimwa, na ukiwa umechelewa mwalimu hatarudia somo la mwanzo kwa ajili yako peke yako.