Taishokoto ya nyuzi tano kutoka Japani: tathmini ya ala kwa mpigaji wa nyumbani

Ala ninayoitathmini hapa ni taishokoto ya nyuzi tano, yaani ala ya nyuzi inayopigwa kwa vibonyezo na risha, iliyoundwa kiwandani Japani kwa ajili ya wanafunzi na wapigaji wa nyumbani. Ninazo mbili. Moja niliinunua dukani ikiwa mpya, pamoja na mfuko wake, risha, kitabu cha kujifunzia na nyuzi za akiba. Ya pili ni kuukuu, niliyoipata kwa yeni 4,000 katika soko la vitu vya kale linalofanyika tarehe 18 na 28 za kila mwezi kwenye uwanja wa hekalu la Osu Kannon, mjini Nagoya. Nimezipiga zote mbili kwa nyimbo za Kijapani zilizomo kitabuni na kwa nyimbo za taarabu nilizokulia nazo. Niseme mapema kwamba ninaipenda ala hii kwa dhati na kwamba ningemshauri mtu anayetaka kuingia katika muziki wa Japani aanze nayo, mradi aelewe mipaka yake, kwa maana mipaka hiyo ipo na wauzaji hawaielezi.

Soko la Osu lina uhusiano wa karibu na ala yenyewe. Aliyeibuni, Morita Goro, alikuwa mwenyeji wa mtaa huo wa Osu, na alikuwa mwanamuziki aliyewahi kusafiri Ulaya na Marekani. Mwaka 1912 aliichukua ala ya kale ya nyuzi mbili iitwayo nigenkin, ambayo mpigaji huteleza kwa kidole au kwa kipande cha pembe juu ya nyuzi ili kupata sauti, akaifungia vibonyezo vilivyofanana na vya mashine ya taipu. Mwaka huohuo mfalme mpya alirithi kiti cha enzi na enzi ya Taisho ikaanza, ndiyo maana ala ikapewa jina hilo. Kwa umri, basi, taishokoto ni changa mno ikilinganishwa na koto yenyewe, ala kubwa ya nyuzi ya jadi, ambayo ilitoka China na kuingia katika jumba la kifalme la Japani katika karne ya nane. Wapo wapenzi wa muziki wa jadi wanaoidharau kwa sababu hiyo. Mimi naona dharau hiyo haina msingi: ala iliyobuniwa ili mtu asiye na mwalimu aweze kupiga nyimbo za kwao ni mali ya muziki wa watu, na karne moja na zaidi ya kupigwa majumbani imeipa haki ya kuitwa ya jadi.

Kwa umbo ni sanduku refu na jembamba la mbao, lenye uwazi ndani, linalolazwa mezani au mapajani. Nyuzi za chuma zinapita kwa urefu wake wote. Upande wa kushoto kuna safu ya vibonyezo vya duara, na upande wa kulia kuna nafasi iliyo wazi ambapo risha hupiga. Ukibonyeza, kipande cha chuma kilicho chini ya kibonyezo hushuka na kuukandamiza uzi juu ya kizuizi chake, yaani ukingo mdogo ulio chini ya uzi, na urefu wa uzi unaotikisika hupungua, sauti ikapanda. Kazi ambayo kwenye udi au gitaa hufanywa na ncha za vidole, na ambayo humchukua mwanafunzi miezi mingi na maumivu mengi, hapa inafanywa na chuma. Kwenye ala yangu nyuzi nyembamba za wimbo zote zimefungwa kwa sauti moja ya sol, na chini yake upo uzi mnene uliozungushiwa waya, wenye sauti hiyohiyo oktavo moja chini. Uzi wa pembeni hauguswi na vibonyezo. Kazi yake ni kuvuma tu chini ya wimbo.

Mpangilio huo wa nyuzi ndio siri ya mlio wake. Nyuzi kadhaa zinapopigwa kwa pamoja zikiwa zimelingana karibu sana, lakini si kwa ukamilifu kabisa, sauti hutetema kidogo na kung'aa, na uzi mnene huipa kina. Ala mpya ina mlio safi na mfupi, wenye ncha kali mwanzoni na unaokufa upesi, jambo ambalo ni la makusudi: Japani ya leo hupiga ala hii kwa makundi, zikiwapo taishokoto za sauti ya juu, za kati, za chini na za besi, na ala ishirini zinazolia kwa muda mrefu zingegeuka kuwa kelele. Ala kuukuu ni tofauti. Mbao yake ni nyembamba, mlio wake ni mwembamba pia, una ukwaruzo fulani na unadumu zaidi. Kwa nyimbo za polepole naichukua ile kuukuu bila kusita. Noti ndefu haiwezi kushikiliwa kwa pigo moja. Mpigaji hurudisharudisha risha kwa kasi juu ya nyuzi mpaka sauti iwe kama isiyokatika, na hapo ndipo mtu anapotambua nani amejifunza na nani anabonyeza tu. Mkono wa kushoto unaweza kuzoea kwa siku chache, lakini mkono wa kulia unahitaji subira.

Nimekutana na watu wanaoinunua wakidhani wamepata koto kwa bei nafuu. Hawajaipata. Koto ina nyuzi 13, mwili wa mti wa kiri wenye urefu unaokaribia mita mbili, na kila uzi una kigoda chake kinachosogezwa ili kubadilisha mpangilio wa sauti. Mpigaji huvaa kucha za bandia kwenye vidole vitatu vya mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto huukandamiza au kuuvuta uzi ng'ambo ya kigoda ili sauti ipande, ishuke au itetemeke. Uzuri mwingi wa muziki uliorithiwa kutoka kwa mabingwa kama Yatsuhashi Kengyo, aliyeishi katika karne ya 17, umo katika mikunjo hiyo ya sauti. Taishokoto haiwezi kuikunja sauti kwa namna hiyo, kwa sababu kibonyezo kimekwisha kuamua. Vipande vya koto vikipigwa juu yake vinabaki na mifupa bila nyama. Nyimbo za shule na za mitaani za Japani ya karne ya 20, kwa upande mwingine, na hata nyimbo za kale zenye ngazi ya sauti tano kama Sakura Sakura, zinakaa juu yake vizuri kabisa, kana kwamba ziliandikwa kwa ajili yake.

Msomaji wa Mombasa au Lamu atakuwa ameshajiuliza kuhusu taarabu. Ala hii ilisafiri mbali mapema sana. Kupitia biashara ya Bahari ya Hindi ilifika Bara Hindi, ambako ilizaa ala ya vibonyezo iitwayo bulbul tarang. Wabaluchi, watu wa Baluchistani, wakairefusha na kuipa sauti nzito zaidi, wakaiita benju, na leo mabingwa wake ni miongoni mwa wapigaji hodari zaidi wa familia hii popote duniani. Kwetu pwani ilipokewa katika taarabu, na huko Mombasa ikawa na nafasi yake katika vikundi, hasa katika nyimbo za mwendo wa chakacha, ambako pigo lake kavu na la haraka huchomoza juu ya ngoma kuliko udi uwezavyo. Kwa hiyo swali la kama ala mpya ya Kijapani inafaa kwa muziki wetu si swali la udadisi tu. Lilikwisha kujibiwa na wazee wetu kwa vitendo.

Hata hivyo lazima niseme kwa usahihi inafaa kwa kiasi gani. Vibonyezo vimepangwa kwa nusu sauti 12 katika kila oktavo, kama piano. Maana yake ni kwamba makamu (ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu) za nahawandi, hijazi na kurdi zinapigika bila tatizo lolote, na hijazi hasa inapendeza mno juu ya uzi unaovuma. Makamu za rasti, bayati na sika zina sauti zinazoangukia katikati ya vibonyezo viwili, na sauti hizo hazimo ndani ya sanduku hili. Upo ujanja wa kuubonyeza uzi kwa kidole upande wa kulia, mahali ulipo wazi, ili upande kidogo, lakini mkono wa kulia tayari una risha, na kwa wimbo wa kasi haiwezekani. Anayetaka kupiga bayati kwa ukamilifu ashike udi, fidla au kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarabu. Anayetaka ala ya kupamba na kujibizana na mwimbaji katika wimbo wa chakacha hatajuta. Jambo jingine la kuzingatia ni nguvu ya sauti. Ala mpya ya mbao tupu husikika vizuri sebuleni, lakini ukumbini, mbele ya ngoma ya dumbaki na kibodi, haisikiki kabisa. Zipo zilizofungwa kinasa sauti ndani na tundu la waya wa amplifaya, na kwa mtu wa kikundi hiyo ndiyo ya kununua tangu mwanzo.

Katika kujifunza, ala hii haina mshindani. Kila kibonyezo kimeandikwa namba, 1 ikiwa do, 2 re, 3 mi, na kuendelea. Nukta juu ya namba huonyesha oktavo ya juu, nukta chini yake oktavo ya chini. Kitabu kimeandikwa kwa namba hizohizo, na sifuri ni kituo, yaani kunyamaza. Mtu asiyejua Kijapani hata neno moja anaweza kukifungua na kuanza kupiga siku hiyohiyo. Mfumo huu wa namba una safari yake pia: Jean-Jacques Rousseau aliupendekeza Paris mwaka 1742, walimu wa Ufaransa wakauendeleza katika karne iliyofuata, ukaingia Japani, na kutoka huko ukaenea China, ambako hadi leo ndio maandishi ya muziki yanayojulikana na watu wengi zaidi. Taishokoto yenyewe iliifuata njia hiyo ya Japani hadi China, ambako huitwa fenghuangqin, yaani kinanda cha feniksi. Faida kwa mnunuzi ni kubwa: nyimbo za kienyeji za Kichina zilizochapishwa kwa namba zinaweza kusomwa moja kwa moja na kupigwa juu ya ala hii bila kutafsiri chochote. Nami nimenakili nyimbo kadhaa za taarabu kwa namba hizo, na watoto wa nyumbani wanazisoma.

Dosari zake nazijua. Vibonyezo hupiga kelele ya kugonga, tak, tak, ambayo mpigaji haisikii sana lakini maiki huisikia yote. Kwenye ala mpya kitambaa laini kilichobandikwa chini ya vibonyezo huipunguza; kwenye ala kuukuu kitambaa hicho huwa kimeliwa, na itabidi ubandike kingine. Springi za vibonyezo hulegea kwa umri, na kibonyezo kimoja kisichorudi juu huharibu wimbo mzima. Nyuzi nyembamba zikipishana hata kidogo, mng'ao niliousifu hugeuka kuwa uchungu masikioni, kwa hiyo kulinganisha sauti kabla ya kila mazoezi si hiari. Programu ya simu ya kupima sauti inatosha kwa kazi hiyo. Adui mkubwa kwa mtu wa pwani ni hewa ya chumvi. Nyuzi za chuma hushika kutu upesi, zikikwaruza na kupoteza mlio, nazo nyuzi za vipimo hivi hazipatikani kirahisi madukani kwetu. Nyuzi nyembamba za gitaa zinaweza kutumika badala yake kwa zile za wimbo, ila zikazwe taratibu, kwa sababu sanduku hili halikuundwa kubeba mvuto wa gitaa.

Kuhusu kuchagua kati ya mpya na kuukuu, ushauri wangu unategemea mikono yako. Mwenye uvumilivu wa kutengeneza vitu atafurahia ala ya sokoni, na atapata mlio ambao viwanda havitoi tena. Anapoichagua, abonyeze kila kibonyezo kimoja baada ya kingine akisikiliza kama kuna sauti inayokwaruza au inayofanana na ya jirani yake, kisha aitazame kwa ubavu kuona kama mbao imepinda. Iliyopinda haitengenezeki kwa gharama ya maana. Asiye na uvumilivu huo anunue mpya ya Kijapani, ambayo bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya koto nzuri, na ajiepushe na zile za mapambo zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya kutupa. Nimewahi kuijaribu moja ya hizo: vizuizi vyake vilikuwa vimepandwa vibaya kiasi kwamba hakuna namna ya kufunga nyuzi ingeweza kuifanya iimbe sawasawa kutoka kibonyezo cha kwanza hadi cha mwisho. Na yeyote anayeagiza kutoka mbali amwombe muuzaji alegeze nyuzi kabla ya kufunga mzigo, aweke kipande cha sifongo chini ya vibonyezo, na aongeze seti mbili za nyuzi za akiba katika kifurushi hichohicho.