Rada, PIR na kamera ya joto kwenye shamba la mikarafuu Pemba: uzoefu wangu

Shamba langu liko huku upande wa Wete, ekari tatu na kidogo, ukuta hamna, chini bonde juu njia ya ng'ombe, na mwenye mikarafuu anajua msimu ukifika hulali, wezi wanakuja usiku wanavunja tawi zima wanaondoka nalo, kwahiyo unaliwa mwaka huu na mwakani pia.

Mwanzo nilifunga PIR tupu, yaani vile vidude vya kuhisi joto la kinachopita mbele yake, nne, zile za kila duka. Wallahi zilinitia wazimu. Komba akipita simu inalia, jani la mgomba lililopata jua likitikisika inalia, halafu mchana wa kaskazi joto likikaribia la mwili wa mtu, mtu mzima anapita mbele yake na kimyaa, manake kile kidude hakijui mtu, kinajua tofauti ya joto tu. Usiku mmoja ililia mara kumi na saba, mama watoto akanambia leo chagua, simu au mie. Nikazima. Haikupita wiki mikarafuu miwili ikavunjwa.

Ndo nikatafuta fundi akaongeza rada mbili ndogo, kamera ya joto moja, ile inayochora joto la kitu badala ya mwanga, na kamera ya kawaida inayogeuka. Pesa yake ningepata vespa mbili, sifichi. Ila ujanja wote uko kwenye kuzipanga: usiku rada ikiona kitu kinatembea, na PIR nayo ikubali ndani ya sekunde kumi, hapo tu ndo simu inalia na kamera inageuka yenyewe. Mchana PIR haina maana, rada peke yake inaita kamera.

Msimu uliopita saa nane usiku ikalia, mara moja tu. Nafungua kamera ya joto naona watu wawili weupe pee katikati ya miti myeusi, mmoja kachutama, mwengine mkono juu anavuta tawi. Nikawasha king'ora nikapiga kelele kuwaita majirani, wakaacha pakacha, asubuhi nkapima pishi tano, nkaanika.

Sasa kasoro. Kamera ya joto haina sura, huwezi kumpelekea sheha picha ukasema ndo huyu. Ng'ombe akikata kamba sensa zote zinakubaliana, kwani ana joto na anatembea, hapo mpaka utazame mwenyewe. Masika matawi yaliyorowa yakipigwa na upepo rada inachanganyikiwa, ilibidi nikate matawi ya chini na kupunguza makali ya rada. Buibui nao wanaipenda ile kamera ya kawaida, usiku taa yake inaita wadudu, kila wiki napanda na ufagio.

Na hili hakuna aliyenambia: ukizifunga mpaka zikubaliane, moja ikifa zote zimekufa. Betri ya PIR ya bondeni iliisha nkakaa siku tisa najisifu jinsi kulivotulia! Siku hizi kila Ijumaa baada ya sala natembea shamba zima nione simu inalia.

Nyota nne. Ya tano fundi ataipata akija kunibadilishia viungio vya waya vilivyoota kutu ya chumvi, kanambia "kesho" tangu mwezi uliopita.