Mita ya shilingi 650 iliyoniambia kwa nini gari lilikuwa likilia tik-tik bila kuwaka

Mwezi wa saba Nairobi ina baridi ya kuuma masikio, na mimi saa kumi alfajiri huwa nimeshafungua geti la ploti yetu hapa Umoja nielekee soko la Marikiti kuchukua nyanya na hoho. Asubuhi moja nilizungusha ufunguo na badala ya injini kunguruma nikasikia tik-tik-tik-tik mfululizo, kama mtu anagonga kucha kwenye sufuria. Taa za dashibodi zinawaka, redio inaongea, lakini injini haizunguki hata kidogo. Gari langu ni dogo, la injini ya lita 1.5, tena ni otomatiki, kwa hivyo hata vijana wa bodaboda wangejitolea kulisukuma wasingenisaidia.

Jirani alitoka na nyaya zake za jampa, zile za kuazima umeme wa betri ya gari lake. Akabana nyekundu kwenye chanya ya betri yangu, na ile nyeusi akaibana kwenye chuma cha injini. Gari likawaka hapo hapo. Sote tuliokuwa tumesimama pale tukakubaliana kwamba betri imekufa, na siku hiyo hiyo nikatoa shilingi 8,500 nikanunua mpya. Hizo zilikuwa pesa za karo.

Wiki mbili baadaye, tik-tik-tik tena.

Fundi niliyemwita akasema sasa ni stata, ile mota inayozungusha injini iwake, nimpe 7,000 aniletee ya mtumba. Nikamuuliza, "Umejuaje ni stata?" Akanijibu, "Mama, betri si ni mpya? Basi imebaki stata." Hapo ndipo nilipogoma. Nilipanda matatu nikashuka mjini, nikaenda Luthuli Avenue kwenye vile vibanda vya redio na simu, nikanunua mita ya kupimia volti. Ni ile ndogo ya manjano yenye swichi ya kuzungusha katikati na nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Kijana aliyeniuzia alikuwa na subira. Alinionyesha swichi ikae kwenye 20 upande wa DC, yaani umeme wa betri, waya mweusi uchomekwe COM, mwekundu tundu la V. "Tundu la 10A usiliguse kabisa ukipima betri," akanirudia mara mbili. Namshukuru, kwa sababu ukichomeka pale halafu uguse betri, unakuwa umeunganisha chanya na hasi moja kwa moja. Kwenye mita nyingi za bei hii tundu hilo halina fyuzi, na nyaya zinaweza kuungua mkononi.

Usiku ule nilivuta hendibreki, nikaacha gia kwenye P, nikamweka kifungua mimba wangu kwenye usukani, mimi nikabaki mbele na tochi ya simu.

Kwanza nilipima betri ikiwa imetulia, waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Volti 12.6. Betri ya risasi na asidi iliyojaa husoma hivyo, ikifika 12.2 iko karibu nusu, na chini ya 12 ni ya kuchajiwa kabla hujailaumu stata. Kisha nikamwambia mtoto azungushe ufunguo huku nimeshikilia nyaya zile zile pale pale. Tik-tik-tik, na namba ikacheza kati ya 12.1 na 12.4. Sikuelewa mara moja. Nilikaa pale nikifikiria hadi ikaniingia: stata ya gari dogo hula zaidi ya ampea 100 ikizunguka, na betri ikitoa umeme mwingi namna hiyo lazima volti zake zishuke. Betri nzima hushuka hadi 10 na pointi. Iliyochoka hutumbukia 8, 7, hata 6, na hiyo ndiyo huleta ule mlio wa haraka, kwa kuwa solenoidi, swichi ya sumaku ya stata, inavuta, umeme unaisha, inaachia, inavuta tena. Yangu ilikuwa inalia vile vile lakini volti haziendi popote. Kwa hivyo umeme ulikuwa upo kwenye betri, ila kuna mahali njiani unazuiwa.

Nikahama. Waya mwekundu kwenye chuma cha injini, mweusi kwenye nguzo ya hasi ya betri. Ufunguo ukiwa haujazungushwa, mita inasoma sifuri, kama inavyotakiwa, kwa sababu chuma cha injini na hasi ya betri ni kitu kimoja. Mtoto akazungusha. Namba zikaruka 4, 7, 5, 7. Pale panatakiwa pasizidi nusu volti hata stata ikivuta kwa nguvu zake zote. Kuna wakati zaidi ya nusu ya volti zangu zilikuwa zinapotelea kwenye waya wa athi, ule unaounganisha hasi ya betri na chuma cha injini.

Ndipo nikaelewa yale ya jampa, na nikaumia roho. Jirani alibana waya mweusi kwenye injini, ambapo ndipo panaposhauriwa. Kwa kufanya hivyo alikuwa ameupa umeme njia nyingine ya kurudi, ikaupita ule waya mbovu. Sisi tukaona gari limewaka tukahukumu betri. Na ile betri mpya ilifanya kazi wiki mbili kwa sababu, nadhani, fundi alipokuwa akiifunga alivuta na kutikisa nyaya, ule waya ukashika kidogo.

Asubuhi nilimwita fundi wa waya, si yule wa stata, nikamwonyesha namba. Hakubishana. Akalala chini na tochi, akafuata waya wa hasi hadi unapofungwa kwenye gia boksi. Boliti ilikuwa imeota kutu, na alipokwaruza plastiki ya waya, ndani shaba ilikuwa unga wa kijani. Zimebaki nyuzi chache tu. Hizo zinatosha kuwasha redio na taa, lakini si kubeba mzigo wa stata. Waya mpya mnene ulitoka Kirinyaga Road kwa shilingi 450, kazi 300. Alikwangua kutu hadi chuma kikang'aa, akapaka grisi baada ya kukaza.

Gari liliwaka kwa mguso mmoja. Nilipopima tena, kati ya injini na hasi ilisoma 0.1. Betri yenyewe sasa ilishuka hadi 10.7 wakati wa kuzunguka, na nilishtuka kuona imeshuka kuliko siku gari lilipokuwa bovu, lakini ndivyo inavyopaswa, maana sasa umeme unatoka kweli. Injini ikiwa inaunguruma nilisoma 14.1, basi altaneta, mashine inayochaji betri, nayo inafanya kazi.

Kuhusu mita yenyewe niseme wazi. Nyaya zake ni nyembamba na ncha zinateleza kwenye nguzo ya betri, inabidi ukandamize. Kioo hakina taa, jambo gumu kwa mtu anayeamka saa kumi. Haijizimi yenyewe, kwa hivyo ukisahau swichi ikiwa kwenye 20, betri yake ndogo ya volti 9 inakufa. Na hapa niwaonye kwa dhati: hiyo betri ndogo ikichoka, mita huanza kudanganya kwa kusoma juu. Mwezi uliopita ilinionyesha 14.3 kwenye betri ya gari lililozimwa, kitu kisichowezekana. Nilibadilisha ile ya volti 9, ikarudi 12.5. Pia haina kasi ya kukamata volti ya chini kabisa ndani ya sekunde, kwa hivyo mwambie anayezungusha ufunguo ashikilie sekunde tatu nne. Asizidishe, stata isije ikachemka.

Kama gari lako linapiga tiki moja tu nzito kisha kimya, hapo mambo ni mengine. Pima volti kwenye boliti nene ya stata mtu akizungusha ufunguo, waya mweusi ukiwa kwenye chuma cha injini. Ukikuta 11 au 12 na haizunguki, basi stata ndiyo yenye makosa, mara nyingi ni brashi zimeisha au zile shaba za ndani ya solenoidi zimelika, na mafundi wa Grogan, kule Kirinyaga Road, hubadilisha hizo peke yake bila kukuuzia stata nzima. Waombe wakuonyeshe za zamani.

Kwa shilingi 650 nimeridhika nayo sana. Inakaa kwenye droo ya gari, ndani ya soksi, na betri ya volti 9 ya akiba pembeni. Jirani ameshaiazima mara mbili.