TAHADHARI: Kariakoo kuna muuzaji anauza priamplifaya kama amplifaya kamili

Wadau wa muziki wa nyumbani, kaeni macho. Jirani yangu alikwenda Kariakoo kutafuta amplifaya ya spika mbili za sebuleni. Akauziwa chombo kizuri cheusi, mtumba wa Japani, akahakikishiwa ndiyo amplifaya yenyewe. Kufika nyumbani, kugeuza nyuma hakuna pa kufunga waya wa spika! Matundu ya RCA matupu, yale ya duara ya waya za kupitisha sauti kati ya vifaa, mengine yameandikwa PRE OUT.

Hiyo ni priamplifaya. Inapokea sauti kutoka kwenye deki au runinga, unachagua chanzo, unapandisha na kushusha sauti, basi. Kusukuma spika ni kazi ya pawa amplifaya. Alipompigia muuzaji akajibiwa, "Hiyo bado pawa yake, ongeza hela nikupe." Yaani anakuuzia nusu makusudi, kisha nusu ya pili anakupangia bei anayotaka kwa kuwa umeshakwama. Kurudisha alikataa, maana risiti imeandikwa "kifaa cha umeme" tu.

Kwa sebule ya kawaida chukueni amplifaya ambayo pri na pawa vimo kwenye boksi moja. Vya kutenganisha ni vizuri kwa anayepanga kubadilisha kimoja na kubaki na kingine, lakini ni maboksi mawili, waya za ziada, na gharama juu. Asikudanganye mtu kwamba bila priamplifaya ya pembeni muziki haupigi.

Kabla ya kulipa, geuza nyuma utafute vifungio vya spika, vyekundu na vyeusi, kulia na kushoto. Soma na kibandiko cha umeme. Cha jirani kimeandikwa 100V, umeme wa Japani. Wetu ni 230V. Angekichomeka bila transfoma ya kushusha umeme kingeweza kuungua palepale, na muuzaji hakumwambia neno. Ukiona mbele 1000W PMPO, yaani nguvu ya kilele cha kufumba na kufumbua, na nyuma 60W za umeme inaokula, amini ya nyuma: amplifaya haiwezi kutoa mfululizo nguvu kuliko umeme inaokula.

Nendeni na spika yenu, ipigwe dukani mkisikia, upande wa kulia na wa kushoto. Risiti iandikwe jina la kifaa, modeli na volti. Akigoma kuandika, ondokeni. Na aliyekwisha kuuziwa hivi apeleke malalamiko Tume ya Ushindani, na risiti hiyohiyo aliyonayo.